Kizungu cha Matanga

Hapa Kianda, ndani ya Kibera, watu hawaniiti Kaveke. Wananiita Madam, hata wale walionizidi umri, kwa sababu niliwahi kufundisha kwenye shule ya mabati iliyokuwa nyuma ya kanisa. Shule ilikufa, jina likabaki. Na pamoja na jina ikabaki kazi ambayo hakuna aliyeniajiri: kila mwenye shida ya Kizungu huja mlangoni kwangu na simu mkononi.

Msidhani ni maswali ya vitabuni. Ya vitabuni ni rahisi. Mtu anakuja akihema: "Madam, bosi ameniandikia 'noted with thanks'. Nimefutwa ama?" Mwingine aliomba kazi akajibiwa "we will get back to you", akashinda nyumbani akingoja wageni. Mwingine msichana wake amemwandikia "it's fine", na anataka kujua kama ni fine kweli. Nilimwambia Kizungu ni sawa, lakini aende akaombe msamaha. Wapo wanaouliza kwa nini Mzungu husema "sorry" akikukanyaga, lakini ukijikwaa mwenyewe hana la kukuambia. Wapo wanaotaka kujua kama "kindly" ni adabu ama ni hasira iliyovaa tai. Mimi huwacheka kwanza, halafu huwajibu.

Wangoi, anayeuza mboga kwenye lango la ploti yetu, hivi vyumba vya kupanga vyenye uwanja mmoja, ndiye mteja wangu mkubwa. Siku moja aliniuliza kama "long time no see" ni Kizungu kamili ama ni mtu alianguka njiani akasahau maneno mengine. Nikamwambia ni Kizungu kamili. Alikataa katakata, na mpaka leo hajakubali.

Ouma alikuwa akisikiliza haya yote kutoka kwenye kochi, tumbo likimtikisika kwa kicheko. Alikuwa fundi wa sofa kule Kawangware, kwenye stendi inayoitwa 56, kando ya barabara, mahali ambapo makochi hukaa juani yakingoja wenye nyumba kubwa wapite. Tuliishi chumba kimoja muda mrefu kiasi kwamba watoto waliozaliwa katika ploti hii wakituona pamoja sasa wana ndevu. Mungu hakutujalia wetu. Yeye alikuwa Mjaluo wa kando ya ziwa, mimi Mkamba wa Kitui. Kila mwaka alisema, "Disemba hii, Madam, tunaenda kwenu, wazee wangu waongee na wazee wako." Disemba ilifika, makochi ya watu yakawa mengi, tukasema ijayo. Ndiyo, hata yeye aliniita Madam. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu ni Madam," na kila mtu aliona limetosha, mimi nikiwa wa kwanza.

Kifua kilimshika wakati wa mvua. Tulifikiri ni vumbi la sponji, lile alilokuwa akikohoa siku zote. Alipokubali kwenda hospitali alikuwa hawezi tena kupanda ngazi bila kushikwa. Alifariki asubuhi moja nikiwa njiani kumpelekea uji.

Mtu akifa Nairobi, matanga huwekwa nyumbani kwake. Watu huja jioni, hukaa, huomba, hupanga safari ya kuupeleka mwili kwao. Basi nilifagia uwanja, nikaazima viti vya kanisa, nikachemsha chai ya sufuria kubwa, nikangoja. Watu wa ploti walikuja wakakaa. Watu wa Ouma hawakuonekana. Ndipo Wangoi akaja akininong'oneza kwamba wanakutana Kawangware, upande wa mtaa uitwao Kongo, kwa Austine, kaka mkubwa wa Ouma. Hakuna aliyenificha jambo hilo. Hakuna aliyeniambia pia. Kesho yake nilirudisha viti, nikajifunga leso, nikaenda.

Kwa Austine nilipokelewa vizuri, nisije nikamsingizia mtu. Nilipewa kiti chenye mto. Nililetewa soda baridi. Ila mtu wa nyumbani hapewi soda, huambiwa aoshe sufuria, na nilipoinuka kuosha, dada yao Celine alininyang'anya kwa upole akasema, "Wacha, Madam, kaa tu." Nikakaa. Walizungumza Kijaluo, nami Kijaluo changu ni cha salamu na cha chakula. Kila mara nilisikia "Madam" likipita katikati ya maneno, nikainua kichwa, nikakuta hakuna anayenitazama. Nilikwenda jioni baada ya jioni, nikanywa soda nyingi kuliko nilizokunywa maishani, na kila nikirudi nilikuwa mpweke kuliko nilivyotoka. Upweke wa chumbani nilikuwa nimeanza kuuzoea. Ule wa katikati ya watu ulinishinda.

Siku moja Austine aliniita pembeni akiwa na simu.

"Shem," akasema, "tumeandika eulogy. Tunyooshee Kizungu, huko nyumbani wasije wakatucheka."

Eulogy ni ile historia ya marehemu inayosomwa siku ya kumuaga, tena kwa Kizungu, hata kama waliohudhuria wote ni wa kijiji kimoja na marehemu mwenyewe alikuwa akikikwepa Kizungu kama deni. Ndivyo tulivyo. Tunalia kwa lugha ya mama, tunaomba kwa Kiswahili, tunazikwa kwa Kizungu.

Nikaketi na simu, na wale wengine wakanizunguka. Huwezi kuamini jinsi watu wanavyopenda kuandikwa. Ouma alikuwa ndugu wa Austine wa Kawangware, wa Celine wa Kawangware, binamu wa fulani wa Qatar, mjomba wa fulani wa chuo kikuu. Mzee mmoja alitaka jina lake litangulie la mwingine kwa sababu alizaliwa kabla yake. Mafundi wa sofa wote wa 56 walishukuriwa kwa jumla. Fatna, mama mwenye ploti yetu, Mnubi aliyezaliwa Kibera na kuzalia Kibera, alishukuriwa kwa jina lake kwa kumpa marehemu mahali pa kuishi.

Maswali yakaanza.

"Madam, ni 'passed on' ama 'passed away'?"

"Yoyote. Zote zinazika."

"Na 'promoted to glory'?"

"Hiyo waachieni wachungaji. Ouma alikuwa anaenda kanisa Krismasi tu."

Wakacheka. Mzee aliyetaka kutangulia akaweka kidole kwenye kioo cha simu, palipoandikwa "he is survived by". "Hapa mmesema tumesurvive. Kwani ilikuwa ajali?"

Nilimweleza kwamba ndivyo Waingereza wanavyotaja waliobaki nyuma ya marehemu. Akatikisa kichwa, akasema Waingereza wana mambo. Na mimi nilicheka, nakubali, kwa sababu Ouma mwenyewe angecheka hapo. Kisha nikaendelea kusoma polepole, nikijitafuta, kama mtoto anayetafuta namba yake kwenye matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani. Nikafika mwisho. Nikarudi juu, nikidhani nimeruka mstari.

"Austine," nikasema, "na mimi?"

Wale wengine wakakumbuka kwamba wana chai ya kunywa. Austine alivuta kiti. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningepata wa kumtukana.

"Shem, usinielewe vibaya. Nikiandika 'wife', wazee wataniuliza ng'ombe zilienda kwa nani, na unajua hakuna iliyoenda. Watasema mbele ya watu wote, huyo si bibi. Na kama ni bibi, lazima ajengewe nyumba kabla mwili haujafika, na akae karibu na jeneza. Mimi ndiye nitaulizwa, si Ouma."

"Kwa hivyo mimi ni nani?"

"Ndio hiyo sasa tunakuuliza." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. "Si wewe ndio unajua Kizungu? Hakuna neno la heshima? Neno tu, lenye halitaleta maneno."

Nimeulizwa maswali mengi ya Kizungu maishani mwangu. Hilo sikuwahi kulifikiria. Mdomoni nilikuwa shemeji, tena kila baada ya sentensi, lakini kwenye maandishi ilibidi nijitafutie pa kukaa. Nilimwambia nitafikiria, nikaondoka na ile historia kwenye simu yangu.

Kesho yake nilimweleza Wangoi akiwa anakata sukuma wiki. Alikasirika mpaka nikaogopa atajikata mkono.

"Weka 'partner'," akasema. "Siku hizi watu wanasema 'partner'."

"Partner ni ya NGO."

"Basi 'friend'."

"Friend ni wewe, Wangoi. Wewe ulikuwa unamfulia suruali?"

Tukapitia yote. "Companion" nikaona ni mtu mliyeketi naye kwenye basi la Kitui, mkishuka mnasahauliana. "Fiancée" Wangoi hakuweza hata kulitamka, na mimi umri wa kulivaa ulishanipita. Nairobi ina Kizungu chake, "come-we-stay", njoo tukae, na kila mtu anajua maana yake, lakini hilo husemwa mtu akiwa hayupo. Halisomwi mbele ya jeneza.

Alasiri hiyo Fatna alinijia na sahani ya gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, na mchuzi juu yake. Hakubisha hodi. Mwenye ploti habishi.

"Kwetu mwanamke akifiwa hukaa eda," akaniambia. "Anakaa ndani miezi, watu wanamletea yeye. Wewe kila siku mbio Kawangware, kunyoosha Kizungu cha watu. Utalia saa ngapi?"

"Mama, mimi si Mwislamu."

"Nimekuambia usilimu? Nimekuambia ukae."

"Nikae eda ya nani? Hata hawajaniandika."

Alinitazama, akafunika sahani na nyingine ili mchuzi usipoe, akatoka. Nilikula peke yangu. Halafu hasira ikanipanda, si kwa Austine, kwa Ouma. Nilimsema kwa sauti nikitandika kitanda. Nilimwambia, wewe uliyeweza kuvua kochi la mtu kitambaa kizima na kulivika kingine kabla jua halijatua, hukuweza kupanda basi la Kitui hata mara moja? Ulidhani utakaa milele? Mimi nilifikiri tuna wakati, na wewe ukaniacha nifikiri hivyo. Sasa tazama nduguzo wananiomba nijitafutie jina, na wewe umelala kwenye baridi ya mochari, hujibu. Nilimtukana kwa Kikamba pia, maana Kiswahili kiliniishia.

Nilipotulia niliisahihisha ile historia. Niliinyoosha yote, kila nukta, kila herufi kubwa, nikamweka yule mzee mahali alipotaka. Mahali pangu sikuandika kitu. Nikamtumia Austine. Akanipigia papo hapo.

"Shem, neno lako silioni."

"Sikuweka."

"Ati Kizungu hakina?"

"Kinalo. Ni lile ulilokataa."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Pole," akasema mwishowe. Kisha, kana kwamba yote mawili ni jambo moja: "Utatusomea basi? Hakuna mwingine wa kusoma vizuri kama wewe."

Wangoi aliposikia nimekubali aliniuliza kama nimerogwa. Lakini ningemwachia nani? Watu wanakimbiza Kizungu kama wanafukuzwa, wangemtaja Ouma kama bidhaa ya mnada. Hilo ndilo lililokuwa limebaki ambalo ningeweza kumfanyia kwa mikono yangu, na sikutaka lifanywe ovyo.

Tulimuaga huko Kongo, katika kanisa la mabati lililo karibu na kwa Austine. Watu walijaa mpaka nje. Watu wa ploti yetu walikuwa wamekuja kwa miguu kutoka Kianda, wamejipanga nyuma kwenye benchi moja, Wangoi akiwa amevaa kitambaa cheusi cha kuazima. Jeneza lilikuwa pale mbele. Celine alikuwa ameketi ubavuni mwake. Niliitwa: "Sasa Madam atatusomea historia ya ndugu yetu."

Nilisoma taratibu. Kuzaliwa kwake, shule aliyoacha, kuja kwake Nairobi, makochi yake. Nilipofika kwa waliobaki nyuma, niliinua kichwa. Wangoi alikuwa amenikazia macho, midomo imemfunguka kidogo, kama anayemsukuma mtoto aseme shairi alilolisahau. Nilijua anataka niseme nini. Ni neno dogo, lingetoka kabla ya mtu yeyote kunizuia, na nani angelirudisha? Austine alikuwa anatazama sakafu. Naye alijua.

Nikasoma majina yote kama yalivyoandikwa. Nikasoma la Qatar, nikasoma la chuo kikuu, nikamshukuru Fatna, nikakaa. Uoga haukuwa sababu. Nilijua tu kwamba kuna mambo mtu hawezi kujisemea. Ningejiita mwenyewe pale mbele, ningekuwa nimejiandika kwa mkono wangu, na hata mimi nisingeamini.

Nje basi lilikuwa linanguruma. Walipandisha jeneza, wakapandisha masufuria, wakapandisha wazee. Austine alinijia akiwa na jasho.

"Shem, nafasi iko. Hakuna mwenye amekukataza."

"Nikifika nitakaa wapi?"

Alitazama gurudumu la basi. "Tutaona. Na wageni, pengine, kwa hema."

"Mfikisheni salama," nikamwambia.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda. Basi likazunguka pale 56, likapita makochi yaliyofunikwa kwa nailoni, likapotea kwenye msongamano. Mafundi wenzake Ouma walisimama kidogo wameshika kofia, kisha nyundo zikaanza kugonga tena, maana kazi ya watu haingoji. Watu wa ploti walinitafuta turudi pamoja. Niliwaambia watangulie. Nilirudi kwa miguu peke yangu, na nilipofika nilifunga mlango, nikakaa kitandani na viatu miguuni. Sikulia. Nilikuwa nimekauka kama mtu aliyetoka kufanya kazi ya wengine.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mabati Wangoi alipobisha.

"Madam, uko?"

"Niko."

"Najua nakusumbua." Nilifungua. Alikuwa ameshavua kile kitambaa cheusi. Alishika simu kwa vidole viwili kwa sababu mikono ilikuwa na maji ya mboga, na hakunitazama usoni. "Kuna mtu tunataka kumwandikia pole. Sisi wa ploti. Tuweke kwa group ya ploti."

"Andikeni Kiswahili, Wangoi. Nimechoka."

"Hapana. Hao wengine wote wamesomewa Kizungu leo. Na yeye lazima apate Kizungu."

Nyuma yake niliona milango ya majirani imefunguliwa kidogo, kila mmoja akijifanya ana kazi ya kuanika nguo. Hata Fatna alikuwa amesimama kwenye ngazi na mtandio wake, hana la kufanya pale.

"Ni mtu gani huyo?" nikauliza.

"Ni mtu tu. Amefiwa na bwanake."

Nilishika fremu ya mlango. Nilitaka kucheka, na nilitaka kumfukuza. Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa mbaya, "Una hakika alikuwa bwanake? Kwani mahari ililipwa?"

Wangoi akainua uso.

"Mimi sikuwauliza mambo ya mahari, Madam. Mimi nilikuwa nawaona."

Akanipa simu. Walikuwa wameshajaribu wenyewe: "We are sorry for the lost of your husband." Nililitazama neno la mwisho muda mrefu. Nilikuwa sijaliandika mimi.

"Ni 'loss'," nikasema. "Herufi mbili za s."

"Na hiyo 'husband' iko sawa? Tusije tukamwaibisha."

"Iko sawa," nikasema. "Iacheni hivyo."

Alirekebisha kwa kidole kimoja, akanishukuru kama mteja yeyote, akaenda. Nilifunga mlango. Muda haukupita simu yangu ikatetemeka, ujumbe ukaingia, na chini yake majina ya wapangaji yakaanza kufuatana, mlango kwa mlango, mpaka la Fatna. Niliusoma wote, kisha nikavua viatu, nikakaa chini sakafuni kama wanavyokaa wanawake wa kwetu, nikamlilia mume wangu kwa sauti.